Ugumu wa Maneno Mepesi



Katika mazungumzo yetu ya jioni hii nataka, kwa idhini yenu, kulizungumza jambo ambalo kila mmoja wetu aliyepata kukaa mbele ya ubao wa skuli akafundishwa Kiingereza amekutana nalo, ijapokuwa pengine hakulipa jina, nalo ni kwamba lugha ile haimshindi mwanafunzi kwa maneno yake marefu yenye kutisha, bali humshinda kwa yale mafupi yanayofundishwa mwaka wa kwanza, ambayo kila mtu hudhani amekwisha kuyajua. Akikutana na neno kama 'constitution' au 'photosynthesis', mwanafunzi wetu huliendea kwa adabu, akalitafuta katika kamusi, akapata maana yake moja au mbili, akatulia. Lakini akikutana na 'get', 'set', 'put', 'run' au 'take', hupita moja kwa moja bila ya kupiga hodi, maadam anayafahamu tangu utotoni, na hapo ndipo barua ya kazi inapofahamika visivyo, na mtihani unapomwangusha, na pengine, kama nitakavyosimulia hapo mbele, hata roho ya mtu inapoingia hatarini.

Wala msidhani kwamba ni sisi wageni tu tunaotaabika. Samuel Johnson, mwanachuoni wa London aliyetoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, alilalamika katika dibaji ya kitabu kile juu ya kundi hili hili la vitenzi vya kila siku, ambavyo matumizi yake yametapanyika mno hata mtu hawezi kuyafuata yote akayawekea mipaka. Na 'take' peke yake alilipa maana zaidi ya 100. Baada yake akaja James Murray, mwalimu wa skuli aliyezaliwa Scotland, ambaye mwaka 1879 aliupokea uhariri wa kamusi ile kubwa ambayo leo huitwa ya Oxford, na makubaliano yalikuwa kwamba kazi itakwisha kwa muda wa miaka 10. Ilipotimia miaka 5, na sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, yeye na wasaidizi wake walikuwa bado wamo katika herufi A, wamefika neno 'ant', yaani wako kwa sisimizi. Alihamia mjini Oxford, akajengesha nyuma ya nyumba yake banda la mabati, ambalo sakafu yake ilichimbiwa chini kidogo ili paa lisimzibie jirani mandhari, na humo, katika baridi na unyevu, akapanga visanduku vidogo vidogo kwa mamia, akatia ndani yake vipande vya karatasi vilivyoletwa kwa posta na wasomaji wa kujitolea, kila kipande kikiwa na neno moja pamoja na sentensi ya kitabu ambamo neno hilo lilionekana likitumika; na watoto wake mwenyewe walikuwa wakivipanga vipande hivyo kwa ujira mdogo.

Murray alifariki mwaka 1915 kazi ikiwa haijakwisha, na kamusi haikutimia ila mwaka 1928. Katika chapa yake ya pili, iliyotoka mwaka 1989 kwa majuzuu 20, neno lililopewa nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa kitenzi 'set', chenye herufi 3 na maana zipatazo 430. Na wahariri waliokuja baadaye, walipoanza kuipitia kamusi nzima upya, wakakuta kwamba 'set' imepokonywa ufalme na 'run', ambayo mhariri mmoja aliishughulikia kwa miezi 9 akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake.

Mtu anaweza kushangaa, akauliza maana zote hizo zatoka wapi, ilhali kukimbia ni kukimbia. Basi na atazame. Kwa Kiingereza mtoto akikimbia uwanjani ni 'run', na mto ukitiririka kuelekea baharini ni 'run', na pua ya mwenye mafua ikichuruzika ni 'run', na kanga mpya ikichujuka rangi katika beseni ni 'run'. Anayegombea ubunge na anayeendesha duka, basi lenye kufanya safari zake kati ya mji na mji, na sukari iliyoisha kabatini, vyote hivyo vimo mikononi mwa kitenzi hicho hicho. Sisi katika sentensi hiyo moja tumetumia vitenzi mbalimbali, kila hali na chake, naye Mwingereza ametumia kimoja tu, akategemea kwamba msikilizaji ataitambua maana kwa kulitazama lile linalotangulia na lile linalofuata.

Sababu ya mambo haya imo katika tarikh. Waingereza wa kale walikuwa na lugha yao ya jamii ya Kijerumani. Katika karne ya 9 wakaingiliwa na watu wa Skandinavia, waliokuja kwa vita wakabaki kulima, na kutoka kwao wakachukua maneno ya kawaida kabisa, hata 'take' na 'get' zenyewe zilikuja na wageni hao. Kisha mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, akaiteka nchi, na kwa muda mrefu baada ya hapo mahakama na majumba ya wakuu yakasema Kifaransa, na makanisa na vyuo vikaandika Kilatini. Elimu na sheria, kwa hivyo, zikapata maneno ya kigeni, marefu na yenye mipaka, na yale mafupi yakabakia mashambani, sokoni na jikoni, ambako hapakuwa na mwandishi wa kuyapima, yakatumikishwa kwa kila jambo. Fauka ya hayo, Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya kutangulia kitenzi, vyenye kuigeuza maana yake, ambavyo mabaki yake twayaona katika 'forgive' na 'beset'. Vingi katika hivyo vikaacha kutumika kuundia maneno mapya, na mahali pake pakashikwa na vijineno vya kufuata nyuma, kama 'up', 'off', 'out', 'down' na 'over', ambavyo sasa vinafanya kazi inayofanana na ile ambayo sisi huifanya kwa kukibadilisha kitenzi mwisho wake, tukasema funga, fungua, fungia, fungana.

Nasi Waswahili haitupasi kulistaajabia jambo hili kupita kiasi, kwani historia yetu yafanana na yao kwa namna fulani. Maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu, kama hukumu, dhamana, wasia na mirathi, yana maana zilizopimwa na kuwekewa mipaka, ilhali piga, kula, tia na toa, ambayo ni ya asili ya Kibantu, yamebebeshwa kazi zisizohesabika: twapiga simu, twapiga pasi, twapiga kura, twapiga magoti, twapiga mbizi, wala hapana aliyeumizwa, na mtu hula kiapo, hula njama na hula hasara, na akikaa duniani miaka mingi huambiwa amekula chumvi nyingi, pasi na chakula kupita kinywani mwake. Mgeni anayejifunza Kiswahili, akisikia kwamba rais amepigiwa mizinga 21, ana haki ya kushtuka.

Hata hivyo iko tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya mzigo wa mwanafunzi wa Kiingereza uwe mzito zaidi. Anayesikia 'piga pasi' anaiona pasi mbele ya macho yake, na anayesikia 'piga kura' anaiona kura, kwa kuwa jina linalofuata ndilo lenye kubeba maana na kitenzi kimekuwa mchukuzi tu. Lakini anayesikia 'put up' hana cha kushika, maana 'put' ni kuweka na 'up' ni juu, na kuweka juu hakumwambii lolote kuhusu kumpa mgeni malazi, ambayo ni mojawapo ya maana za tamko hilo. Kikiongezwa kijineno kimoja zaidi, 'with', maana inahama kabisa, ikawa ni kumvumilia mtu. Kwa hivyo mwenyeji wa Kiingereza humfanyia mgeni wake 'put up' usiku wa kwanza na wa pili, na kuanzia ule wa tatu, ambao sisi tungempa jembe, yeye huanza kumfanyia 'put up with'.

Palikuwa na mtu aliyedhani amepata dawa ya taabu hizi zote. C. K. Ogden, mwanachuoni wa Cambridge, alitangaza mwaka 1930 Kiingereza cha maneno 850 tu, ambacho mgeni angeweza, kwa dai lake, kujifunza kwa muda mfupi na kukitumia kwa biashara, sayansi na mazungumzo ya kila siku. Na kati ya maneno hayo vitenzi vilikuwa 18 peke yake, vikiwamo 'get', 'give', 'let', 'make', 'put', 'take' na 'have'. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, aliusifu mpango huo mbele ya hadhara ya Chuo Kikuu cha Harvard mwezi Septemba 1943, na Rais Roosevelt wa Marekani, katika barua, akaufanyia mzaha, akataka kujua historia ingalikuwaje lau Churchill, mwaka 1940, angalilazimika kuwaahidi watu wake jasho na machozi kwa maneno ya Ogden, ambayo machozi huyaita maji ya macho na jasho maji ya uso. Lakini kasoro kubwa ya mpango ule haikuwa katika machozi. Ogden aliyafuta maneno kama 'tolerate' na 'abandon', ambayo mwanafunzi hujifunza mara moja yakamtosha, na badala yake akampa 'put up with' na 'give up', ambayo kila moja lina maana isiyopatikana kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Hivyo maneno yakahesabiwa kuwa machache, na mambo ya kukumbuka yakabaki kuwa mengi kama zamani, ila sasa hayakuandikwa katika orodha.

Na tukitoka kwenye vitenzi tukaingia kwenye misemo, tutakuta kwamba sehemu kubwa ya misemo ya Kiingereza imetoka baharini, jambo ambalo watu wa pwani wangepaswa kulifurahia. Mlevi anayepepesuka huambiwa kwamba ana 'sheets' tatu katika upepo, na wengi hufikiri kwamba 'sheet' hapo ni shuka au ni tanga lenyewe, kumbe ni kamba, ile ambayo mabaharia wetu huiita demani. Na demani zikifunguka, tanga hupigapiga hovyo na chombo huyumba kama huyo mlevi. Aliyeduwazwa na habari huambiwa yu 'taken aback', tamko la chombo ambacho upepo umekigeukia ghafula, ukalipiga tanga kwa mbele na kulibandika kwenye mlingoti, kikasimama pale pale. Na 'by and large', ambayo leo maana yake ni kwa jumla, ilikuwa sifa ya chombo kinachokwenda vyema katika hali zote mbili, yaani kinapobisha kuukabili upepo na kinapokwenda na upepo wa nyuma. Nasi tunalo letu la namna hiyo hiyo, kwani mwalimu wa bara ambaye hajapata kuliona jahazi likilala ubavu huu na ubavu huu husema kwamba mambo yamekwenda mrama, naye akafahamika kwa kila mtu, ingawa mrama ni jambo la chombo baharini.

Lakini niwatahadharishe kidogo. Iko misemo ambayo asili yake haikuthibitika, kama ule wa kupiga ndoo teke, ambao ni kufa, na ule wa mvua ya paka na mbwa, na juu ya misemo hiyo watu wamezua hekaya tamu zinazopita kutoka kitabu hata kitabu bila ya ushahidi wowote. Mwanafunzi hahitaji hekaya hizo. Linalompasa kulijua ni lini msemo husemwa na lini hausemwi. Kwamba, kwa mfano, huo wa ndoo ni wa mzaha, na atakayeuandika katika barua ya rambirambi atakuwa amewatukana wafiwa, hata ikiwa sarufi yake haina doa.

Sasa niwape visa viwili vya kuonyesha kwamba hata wenye lugha yao huangushwa na maneno haya. Kisa cha kwanza amekisimulia Churchill katika kitabu chake cha historia ya Vita Vikuu vya Pili. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na hati ambayo walitaka ijadiliwe kwa haraka, wakawaambia wenzao wa Kimarekani kwamba wanataka 'to table it'. Na kwa Mwingereza maana yake ni kuileta mbele ya baraza, lakini kwa Mmarekani ni kuiweka kando isizungumzwe tena. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, hata mwisho wakatanabahi kwamba wote wanataka jambo moja. Bunge la Tanzania, lililorithi taratibu za Uingereza, limechukua maana ya Kiingereza, na ndiyo sababu tunasikia kila kikao habari za hati zilizowasilishwa mezani. Mtanzania atakayekwenda Marekani na maana hiyo kichwani atashangaa kuona hoja yake imezikwa na watu wanaomwambia kwamba wameitendea alivyoomba.

Kisa cha pili ni kizito. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili, Christopher Craig wa miaka 16 na Derek Bentley wa miaka 19, walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini ya London, kwa nia ya kuiba. Wakaonekana, polisi wakaitwa, na askari mpelelezi, Frederick Fairfax, akapanda akamkamata Bentley. Polisi watatu walitoa ushahidi mahakamani kwamba wakati huo Bentley alimpigia kelele mwenziwe, aliyekuwa na bastola, akamwambia, 'Let him have it, Chris.' Craig akapiga risasi, akamjeruhi Fairfax begani, na baadaye askari mwingine, Sidney Miles, alipotokea juu ya paa kwa mlango wa ngazi, akapigwa risasi akafa. Bentley hakuwa na bastola, wala hakumpiga mtu risasi, na Miles alipouawa yeye alikuwa amekwisha kukamatwa.

Yatazameni maneno yale: 'let', 'him', 'have', 'it', hapana hata moja ambalo mtoto wa mwaka wa pili hakufundishwa, na 'let' na 'have' zimo katika vitenzi 18 vya Ogden. Upande wa mashtaka uliyafahamu kwa maana ya mtaani, yaani mpige, mmalize. Vijana wote wawili walikana kabisa kwamba yalitamkwa. Na watu wengi walioitafakari kesi ile baadaye wakasema kwamba hata kama yalitamkwa, basi maana yake ya wazi ni muachie aichukue, yaani mpe bastola yako. Craig aliokolewa na umri wake, kwa kuwa sheria haikuruhusu kumnyonga aliye chini ya miaka 18, na Bentley, ingawa baraza la raia waliosikiliza kesi liliomba ahurumiwe, akanyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 28 Januari 1953. Mwaka 1993 akapewa msamaha wa adhabu ile, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yenyewe. Nayo, kwa uadilifu wa kusimulia, haikuitengua kwa kufasiri maneno hayo manne, bali kwa namna jaji alivyoliongoza baraza. Lakini maneno yale ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu kwa miaka 45, na hata leo hapana kamusi iwezayo kuamua, kwani maana zote mbili ni sahihi, zote mbili hutumika, na kilichokosekana ni yakini ya kuwa yalisemwa, na yaliyokuwamo moyoni mwa msemaji.

Je, mwanafunzi wetu afanye nini? J. R. Firth, aliyekuwa profesa wa taaluma ya lugha katika Chuo Kikuu cha London, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linayofuatana nayo, kama vile wazee wetu wasemavyo juu ya mtu na rafiki zake. Na mwalimu mwingine wa Kiingereza, A. S. Hornby, alikuwa amekwisha kuifanya fikra ya namna hiyo kuwa kazi ya mikono. Hornby alikwenda kufundisha Japani katika miaka ya 1920, akaona kwamba wanafunzi wake wanajua maana za maneno na bado hawawezi kuyatumia, akatunga pamoja na wenzake wawili kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, ambayo ilimwonyesha msomaji vitenzi katika miundo 25, yaani kitenzi hiki hufuatwa na nini na kile hufuatwa na nini. Oxford wakaichapisha upya mwaka 1948, na vizazi vyake ndivyo vitabu vinene ambavyo wengi wenu mmeviona katika maktaba za skuli za Afrika Mashariki, mara nyingi vimetumika kwa kutafutia yale maneno marefu tu, na kurasa za 'get' na 'put' zikabaki safi kama zilivyotoka mtambani.

Shauri langu kwa walimu ni kwamba waache kumwuliza mtoto 'get' maana yake nini, kwa kuwa swali hilo halina jibu hata kwa mwenye kamusi, na badala yake wampe sentensi nzima, wamwambie nani kaisema, kwa nani, na katika hali gani. Wala wasimtishe kwa hesabu zile za 430 na 645, maana Michael West, aliyepata kufundisha Bengal na akatoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yenye manufaa zaidi, alionyesha kwa asilimia ni maana zipi za kila neno hukutwa mara nyingi na zipi ni nadra. Na mwalimu mwenye busara huanza na zile za mara nyingi, akaziacha nadra zije kwa kusoma vitabu. Mwanafunzi naye na awe na daftari ambalo hataandika neno pweke hata siku moja, ila neno pamoja na wenziwe, 'put off the meeting', 'put out the fire', 'put up with the noise', na apewe alama katika mtihani kwa kuyatumia sawasawa, kama anavyopewa kwa maneno ya fahari.

Na yule aliyekwisha kuagana na skuli, aliye ofisini, mahakamani au bandarini, ambaye riziki yake hupitia katika barua za Kiingereza, na asione haya kumwuliza mwandishi wa barua anakusudia nini kila neno fupi linapomtatiza, na aulize kabla hajatia saini. Maofisa wale wa wakati wa vita wangaliulizana mapema, wangalipumzika mapema.